Vioo Viwili vya Gari la Kale

Neno kioo lina kazi mbili katika lugha yetu. Kioo ni kitu kipitishacho nuru tukaona yaliyo upande wa pili, kama kioo cha dirisha. Na kioo ni kitu kirudishacho nuru tukajiona wenyewe, kama kioo cha ukutani. Ziko lugha zilizotenga majina mawili kwa vitu hivi. Sisi tumetosheka na moja wala hatukupata hasara, maana msemaji akitaja dirisha au akitaja kitana, msikilizaji hufahamu mara moja ni kioo kipi kinachosemwa. Lakini kiko kioo cha tatu ambacho hakikai vizuri katika mafungu haya mawili. Hiki hakionyeshi yaliyo mbele, wala hakimwonyeshi mtu uso wake. Dereva akiuona uso wake ndani yake, ajue kwamba kimeelekezwa vibaya. Kazi yake ni kumwarifu mtu anayekwenda mbele habari za wanaomfuata nyuma. Mafundi wetu hukiita saitimira, jina walilolipokea kwa Waingereza wakalilainisha kwa ulimi wao. Wengine hukiita kioo cha ubavuni. Mimi ni mwalimu wa lugha, lakini sina ugomvi na jina lolote kati ya hayo. Nataka kueleza habari za kitu chenyewe, kwa kuwa mwaka uliopita ilinibidi nipachike vioo viwili vya namna hiyo katika gari lililonifikia bila hivyo. Na kazi ambayo kwa fundi ni ya asubuhi moja, nyumbani kwetu ilichukua miezi minne ya mashauri.

Gari lenyewe ni Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, ya mwaka 1965, yenye injini nyuma na sanduku la mizigo mbele. Magari ya ukoo huu yalianza kuundwa kwa wingi mjini Wolfsburg, Ujerumani, mwishoni mwa mwaka 1945, na la mwisho lilitoka katika kiwanda cha Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai, 2003. Jumla ya yote yaliyoundwa ni 21,529,464. Katika Afrika ya Mashariki yalijipatia jina kwa mashindano ya Safari, ambayo yalianza mwaka 1953 na kupita katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, ikashinda 1957, ikashinda tena 1962. Sifa hiyo ndiyo iliyomvuta marehemu baba yangu, aliyekuwa mkaguzi wa shule, kulinunua gari hili mwaka 1974 kwa mtu aliyekuwa akihama mji. Wakati huo lilikuwa limekwisha kutumika miaka tisa. Yeye alilitunza miaka arobaini na minne zaidi, akafariki akiliacha na usukani wake wa kwanza, viti vyake vya kwanza, na milango ambayo haikupata kutobolewa hata kwa tundu la sindano.

Waundaji wa gari hili hawakuwa watu wasiojali habari za nyuma. Walikuwa wakijifunza polepole. Magari yao ya kwanza yalikuwa na dirisha dogo la nyuma lililogawanywa vipande viwili kwa ukanda wa bati. Mwaka 1953 ukanda huo uliondolewa, dirisha likawa na umbo la yai. Katika magari ya mwaka 1958 dirisha lilipanuliwa likawa la pembe nne, na katika yale ya 1965 likapanuliwa tena. Kwa hiyo gari la baba lilikuwa na jicho la nyuma kubwa kuliko la babu zake. Kwa ndani lilikuwa na kioo kimoja juu ya dashibodi, chenye ukubwa wa kiganja. Kwa nje halikuwa na kitu.

Watu wa leo huona ajabu kwamba magari mengi ya zamani yalitembea hivyo. Lakini kioo cha kutazamia nyuma kina umri mdogo kuliko gari. Mwaka 1909 Dorothy Levitt, mwanamke Mwingereza aliyekuwa dereva wa mashindano, alichapisha kitabu cha kuwafundisha wanawake uendeshaji wa motokaa. Humo aliwashauri wachukue kioo kidogo cha mkononi, wakiinue mara kwa mara waone kinachokuja nyuma yao. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Mei, 1911, yalifanyika mashindano ya kwanza ya maili 500 katika mji wa Indianapolis, Marekani. Desturi ya wakati huo ilikuwa kila gari lichukue watu wawili: dereva, na fundi aliyeketi kando yake, ambaye pamoja na kazi nyingine alikuwa akigeuka kutazama nyuma na kumwambia mwenzake nani anakaribia. Ray Harroun alikuja peke yake katika gari la Marmon lenye kiti kimoja. Wapinzani wake walilalamika kwamba mtu asiye na wa kumtazamia nyuma ni hatari kwa wote. Naye akajibu kwa kupachika kioo mbele ya macho yake juu ya vyuma vinne. Alishinda mashindano yale. Yasemekana kwamba baadaye alikiri kuwa njia ile ya matofali ilikitikisa kioo chake hata asione kitu; walakini jambo lilikuwa limekwisha kuingia katika fikira za watu.

Naomba msomaji aliangalie jambo hili kwa makini, kwa sababu ndilo lililonifungulia mlango baadaye. Kioo hakikuja kujaza mahali patupu. Kilikuja kukaa mahali pa mtu. Kabla ya kioo alikuwako binadamu ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza shingo. Huko kwetu kazi hiyo haikufa upesi, na kwa kweli haijafa mpaka leo. Dereva wa lori alikuwa na utingo, ambaye aliteremka gari liliporudi nyuma na kupiga bodi kwa kiganja kumjulisha nafasi iliyobaki. Kondakta wa daladala huning'inia mlangoni, na anapogonga bati mara mbili dereva huondoka bila kutazama kioo chochote, maana amekwisha ambiwa na mtu anayemwamini. Mkono juu ya bati ni lugha kamili. Una maneno yake na sarufi yake. Kioo ni kondakta asiye na mkono wala sauti: hasemi mpaka aulizwe kwa jicho, na akisema hana msisitizo.

Haja yangu ya vioo ilitoka barabarani. Nakaa Dar es Salaam, na njia yangu ya kila siku ni ile ya Sam Nujoma, kati ya Mwenge na Ubungo. Baba aliponunua gari lake, njia za mji huu zilikuwa na mabasi machache na baiskeli, na mtu aliyetaka kukupita alipiga honi akakupita kulia. Siku hizi pikipiki za abiria hupita kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Bajaji huingiza gurudumu lake moja la mbele mahali ambapo hata baiskeli ingefikiri mara mbili. Na mwenye kukata kona kushoto bila kuona ubavu wake huweza kumwangusha kijana mwenye abiria wawili mgongoni. Volkswagen ya kale ina shida yake nyingine juu ya hiyo. Injini yake iko nyuma na hupozwa kwa upepo, na mvumo wake hufunika sauti za nyuma zote. Katika gari jingine sikio husaidia jicho. Katika gari hili sikio limekwisha kushughulishwa. Kioo cha ndani nacho huonyesha kipande cha njia kilicho nyuma kabisa, kwa upana wa dirisha tu. Pikipiki iliyofika usawa wa gurudumu la nyuma haimo katika dirisha, na bado haijafika katika pembe ya jicho. Mahali hapo pa giza ndipo maisha ya watu yanapokaa.

Nilipomweleza mama kwamba nataka kupachika vioo, aliuliza swali moja tu: "Vitashikwa na nini?"

Nikamwambia, "Na skrubu, Mama."

Akasema, "Basi mtalitoboa."

Nikakubali kwamba yamkini tutalitoboa. Mama hakugomba, yeye si mtu wa kugomba. Alisema, "Baba yako alilitunza miaka yote ile hata chakavu ya ndizi haikudondoka juu yake. Tundu haliponi, mwanangu. Ngozi hupona, bati haliponi." Kisha akaendelea kuchagua mchele wake. Neno hilo lilinishinda nguvu. Mimi mwenyewe nilijua kuwa ni kweli. Rangi ikichubuka hupakwa nyingine, kiti kikichanika hushonwa, lakini bati lililotobolewa, hata likizibwa na kupigwa msasa, si lile lililotoka kiwandani. Na mama hakuwa akitetea bati. Tangu baba alipofariki, gari lile ndicho kitu pekee cha nyumba yetu kilichobaki kama alivyokiacha mkono wake.

Kwa hiyo nilikwenda kwa fundi kutafuta njia isiyokuwa na tundu. Fundi huyu ana gereji chini ya mwembe huko Ilala. Ni mzee kunipita kwa miaka ishirini, na Volkswagen za mgongo wa kobe amezijua tangu ujana wake. Nilimwuliza, "Mzee, haiwezekani kupachika kioo pasipo kutoboa?" Akacheka, akasema, "Mwalimu, yawezekana. Kila kitu chawezekana. Swali ni kioo kitakaa au kitatembea." Kisha akanieleza njia nne, nami nazieleza hapa kwa kuwa zina manufaa kwa kila mwenye gari la kale, la aina yoyote.

Njia ya kwanza ni ya bawaba. Kiwanda chenyewe, kwa magari ya kabla ya 1968, kilitengeneza vioo vya mkono mwembamba vilivyopachikwa kwenye bawaba ya juu ya mlango. Kuanzia magari ya 1968 kioo kilihamia kwenye bati la mlango. Njia ya bawaba haigusi bati hata kidogo, na kwa gari la 1965 ndiyo yenye nasaba. Fundi alizipaka mafuta pini za bawaba zetu, akangoja siku mbili, akazijaribu. Zilikuwa zimeshikana kwa kutu ya miaka sitini. "Nikizilazimisha," alisema, "huenda zikatoka, na huenda zikatoka na kipande cha mlango." Zaidi ya hayo, kioo cha bawaba hutegemea mahali panapojongea, kila mlango unapofunguliwa na kubamizwa, mkono wake hulegea kidogo kidogo.

Njia ya pili ni ya kubana. Viko vioo vyenye taya mbili zinazouma ukingo wa mlango, na skrubu ndogo za kukaza upande wa ndani. Fundi alikuwa nacho kimoja, akakibana ili tukipime, tukazunguka nacho mitaa ya Ilala. Katika lami kilitulia. Tulipoingia barabara ya vumbi yenye mashimo kilianza kuinamisha kichwa, na mwisho wa safari kilikuwa kikinionyesha mawingu. Tulipokitoa tukaona kwamba taya zake zimetia mkwaruzo katika rangi ya ukingo. Nikafikiri juu ya neno la mama: tundu moja safi lililopakwa dawa, na mkwaruzo unaokua kila siku, kipi kinachoharibu zaidi? Penye hewa ya chumvi kama hapa pwani, mkwaruzo ni mlango wa kutu.

Njia ya tatu ni ya madigadi. Zamani vioo vingi viliwekwa mbele, juu ya madigadi, mbali na dereva. Huko Japani sheria iliyataka magari yawe hivyo mpaka mwaka 1983, ndipo vioo vya milangoni vikaruhusiwa. Na hata sasa magari mengi marefu yanayoteremshwa hapa bandarini kutoka nchi ile huja na kioo kidogo cha ziada juu ya madigadi ya kushoto. Njia hii ina wema wake. Dereva hahitaji kugeuza kichwa. Jicho huinama kidogo tu kutoka njiani, nalo huviona vioo vyote viwili. Fundi aliipenda kwa sababu nyingine: madigadi ya Volkswagen yameshikwa kwa bolti, hufunguliwa na kubadilishwa, hivyo tundu lake si la milele. Walakini kioo kilichoko mbali huonekana kidogo, na kukirekebisha sharti uteremke, ujaribu, urudi kuketi, uteremke tena. Na katika msongamano wa Mwenge, kitu kinachochomoza mbele ya gari hakimalizi mwezi kabla hakijagongwa na usukani wa pikipiki.

Ikabaki njia ya nne, ya kutoboa mlango. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yote manne kwa utaratibu, kama mtu anayetetea tasinifu yake mbele ya watahini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Wewe unadhani baba yako alikuwa akionaje nyuma?"

Nikataka kusema kwamba njia zilikuwa tupu. Lakini hakungoja jibu.

"Alikuwa na ninyi," akasema. "Umesahau? Wewe na dada zako mliketi nyuma, na kabla hajakata kona aliuliza: kushoto? Nanyi mkaitikia: kweupe! Akauliza: kulia? Mkagombania nani aseme. Siku mlipokuwa shuleni aliniuliza mimi. Hakupata kuliendesha gari lile peke yake ila alipokwenda kazini, na wakati huo barabara ilikuwa yake."

Sikuwa nimesahau, ila sikuwa nimeliweka jambo hilo pamoja na jambo la vioo. Kwangu lilikuwa mchezo wa watoto. Sasa niliona kwamba haukuwa mchezo, au ulikuwa mchezo uliobeba kazi. Yule fundi wa Indianapolis aliyegeuza shingo, utingo wa lori, kondakta wa daladala, na watoto watatu juu ya kiti cha nyuma cha Volkswagen, wote walikuwa wafanyakazi wa idara moja. Gari la baba halikuwa limekosa vioo. Lilikuwa navyo, ila vilikua, vikaoa, vikaolewa, vikateremka.

Mama akamaliza kwa kusema, "Wewe waenda na kurudi peke yako. Watoto wako wana basi lao la shule. Nani atakwambia kweupe? Toboeni, baba. Lakini nami niwepo."

Siku ya kazi nilimchukua mama mpaka Ilala. Fundi alimwamkia kwa heshima, akamtafutia kiti kivulini. Lakini dakika kumi hazikupita akamwomba akaketi ndani ya gari, kiti cha kushoto, akaeleza sababu. Kioo cha kulia ni rahisi, kwa kuwa dereva wetu huketi kulia na kioo kiko karibu na bega lake. Kilicho kigumu ni cha kushoto. Dereva hukitazama kwa kukata gari zima, na mtu aliyeketi kushoto huweza kukificha kwa kifua chake. Anayepima mahali pa kioo hicho hali kiti kikiwa kitupu, amepima gari lisilokuwako. Hivyo mama aliketi kama anavyoketi siku zote, mtandio mabegani na mkoba mapajani. Mimi nikashika usukani nikiwa nimekaa kama niendeshavyo, si kama nipigwavyo picha. Na fundi akasimama nje akikisogeza kioo juu ya mlango, inchi kwa inchi, mpaka nikasema hapo. Akabandika utepe wa karatasi, akaweka alama ya kalamu.

Mahali tulipopata, kwa milango yote miwili, palikuwa chini ya kile kidirisha cha pembe tatu kilicho mbele ya dirisha kubwa. Palifaa kwa mambo mawili. Kwanza, kioo kilionekana ndani ya kidirisha wala hakikufichwa na nguzo yake. Pili, kioo kikubwa cha dirisha hushuka nyuma ya nguzo hiyo, kwa hiyo skrubu itakayoingia mbele yake haitakikwaruza. Hata hivyo fundi hakuamini macho ya nje. Aliufungua ubao wa ndani wa mlango, akatia mkono, akapapasa, akateremsha na kupandisha kioo mara tatu, ndipo akaridhika. Kisha akagonga ncha ya chuma juu ya alama, ili kekee isiteleze ikachora rangi. Akaanza kwa kekee nyembamba, akaifuata kwa nene kidogo, na nyingine tena, mpaka tundu likatimia. Sauti ya bati la zamani likitobolewa ni nzito kuliko ya bati la sasa. Nilimtazama mama. Alikuwa ametazama mbele, mikono juu ya mkoba, kama abiria anayengoja taa ya kijani.

Baada ya kutoboa, fundi alilainisha kingo kwa tupa ya mviringo, akafagia vumbi lote la chuma lililoangukia ndani ya mlango. Vumbi hilo, alisema, likiachwa hulala chini, likapata maji ya mvua, likaanza kuula mlango kutoka tumboni. Kisha akapaka kingo za tundu rangi ya kuzuia kutu mara mbili, akaiacha ikauke mpaka kesho yake. Hapo ndipo alipoweka kipande cha chuma upande wa ndani, ili mzigo wa kioo uenee wala usivute bati jembamba mahali pamoja. Na upande wa nje raba laini kati ya kitako cha kioo na rangi. Alipokaza skrubu alikaza kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, kama mtu afungaye kifuniko cha sufuria ya thamani. Mwisho akauliza kama tuchonge namba ya gari juu ya vioo, kama wafanyavyo watu wa mji huu kwa kuogopa wezi. Mama akasema tuchonge. Waliojua kuiba hawana heshima kwa marehemu.

Kioo cha kulia tulichagua bapa, na cha kushoto kioo mbinuko. Kioo bapa husema kweli juu ya umbali: kitu kilichoonekana karibu kiko karibu. Kioo mbinuko hukusanya upana mkubwa wa njia, lakini hulipwa kwa ukubwa. Kila kitu ndani yake huonekana kidogo na mbali kuliko kilivyo. Kwa upande ulio mbali na dereva upana ndio unaohitajiwa, na dereva sharti ajifunze kusoma umbali wake upya, kama asomaye hati ya mkono asiouzoea. Vyote viwili vilielekezwa hivi: ukanda mwembamba wa ubavu wa gari uonekane ukingoni, ili jicho lijue mahali pake, na mstari wa njia upite katikati ya kioo. Anayeonyeshwa ubavu mwingi wa gari lake anajitazama mwenyewe, na vioo hivi, kama nilivyotangulia kusema, si vya kazi hiyo.

Wako watu wanaopenda magari ya kale ambao hulihesabu tundu lolote kuwa dhambi. Siwadharau, bila ukaidi wao vitu vingi vya thamani vingekwisha potea. Lakini kazi yangu ya kila siku imenipa mfano wa kuwajibu. Tendi zetu za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Mhariri anapozihamishia katika herufi za Kirumi hutia irabu pale ambapo mwandishi alimwachia msomaji azijue, hutenga mishororo, hutia namba za beti. Hayo yote ni matundu katika bati la asili. Mwandishi wa kwanza hakuyahitaji, kwa kuwa msomaji wake alikuwa ameketi karibu naye, alijua utungo kwa sikio kabla ya kuuona kwa jicho, na aliposita alikuwako wa kumsahihisha. Sisi hatuna mtu huyo. Tunatia alama mahali alipokuwa ameketi. Mhariri mwovu ni yule anayebadili maneno. Mhariri mwema hutoboa mahali pachache, baada ya kupima, akiwa na sababu awezayo kuieleza mbele ya wenye mali, na hupaka dawa kingo za tundu. Wala si haki kumwita mhifadhi mtu anayelifungia utendi kabatini usisomwe, kama si haki kumwita mhifadhi mwenye gari asiyethubutu kulitoa nje kwa kuwa haoni ubavu wake.

Mvua za masika zimekwisha pita tangu siku ile. Zilipokoma nilifungua ubao wa ndani wa milango yote miwili, nikamulika kwa tochi. Kingo za matundu zilikuwa kavu na nyekundu kwa rangi yake, bila kutu. Ijumaa humchukua mama kwa dada yangu huko Kimara. Tunapofika kwenye kona ya kuingia Barabara ya Morogoro, yeye huinamisha kichwa dirishani, hutazama nyuma, husema, "Kushoto kweupe." Nami humshukuru, hutazama kioo, ndipo hukata kona.